Chungu Kilichomngoja Apolonia

Kila siku akitoka shuleni, Apolonia alivua sare yake, akaitundika kwenye msumari, akaanza kazi. Na kazi alizifanya kweli. Aliteka maji, alichanja kuni, alifagia uwanja mpaka kuku wakakosa pa kuparua. Akimaliza za kwao, alivuka kwenda kwa jirani yao, Mama Bujiku, akamsaidia kupepeta mtama. Kijiji chao kilikuwa mwendo mfupi kutoka Kharumwa, na mwaka ule wa 1953 ungemuuliza mtu yeyote pale ni msichana gani mchapakazi, angekutajia Apolonia kabla hujamaliza kuuliza.

Mtu mmoja tu hakumsifu, naye alikuwa mama yake mzazi.

"Maji yetu umeteka, ya Mama Bujiku umeteka," Mama alimwambia jioni moja, akimtazama anavyofuta jasho. "Sasa niambie, chungu changu kiko wapi?"

"Nitakianza kesho, Mama."

"Hiyo kesho yako ina miguu. Kila nikiifuata naona inasogea mbele."

Apolonia aliinama akaanza kufagia mahali palipokuwa safi tayari.

Chungu hicho hakikuwa cha kupikia mboga tu. Baba yake Apolonia alikuwa akifanya kazi katika mgodi wa dhahabu kule Geita, na nyumbani alirudi mara chache. Mama alibaki na shamba kubwa la udongo mweusi, udongo ambao wakati wa kiangazi huwa mgumu hata jembe hulia. Peke yake asingeweza kulilima kabla ya mvua. Ilimbidi aite kundi la Mzee Nkwabi, vijana wa kiume na wa kike waliolima kwa mstari huku ngoma ikipigwa, wakihama shamba hadi shamba. Kundi hilo halikudai ujira. Lilidai chakula, na togwa ya kutosha watu wote.

Lakini Mzee Nkwabi alikuwa na sharti lake. Togwa lazima itoke kwenye chungu kikubwa cha nyumba ileile iliyowaita. "Ukinipokea kwa chungu cha kuazima," alizoea kusema, "nami nitakuja na mikono ya kuazima." Mwaka uliopita familia moja ilijaribu kuwapa togwa kwenye debe la mafuta ya taa. Wakulima walionja, wakatema, wakabeba majembe yao na kuondoka. Shamba lile lilibaki nusu.

Bibi yake Apolonia, kabla hajafariki, alikuwa mfinyanzi wa kijiji, naye alimfundisha mjukuu wake ufundi wote. Mkono wa Mama ulikuwa wa jembe, si wa udongo. Wafinyanzi wengine walikaa mbali, na chungu kikubwa hakisafiri salama kichwani. Kwa hiyo kila kitu kilimtegemea Apolonia. Zamu ya Mama ikipita bila chungu, kundi lingeendelea na mashamba ya wengine, mvua ingenyesha, na nyumba yao ingeingia mwaka wa njaa. Apolonia alilijua hilo vizuri sana. Ndiyo maana hatuwezi kusema alikuwa mtoto asiyejali.

Chungu cha kwanza alikwisha kukifinyanga. Kilikuwa kikubwa na kizuri machoni, lakini siku ya kukichoma kilipasuka motoni kuanzia mdomo mpaka kitakoni. Wakati huohuo Ghati alikuwa amesimama kando akitazama. Ghati alisoma darasa moja na Apolonia, na walikuwa marafiki. Wazazi wake walikuwa wageni, walitoka upande wa Musoma, na baba yake alikuwa seremala.

Mama Bujiku alipiga makofi ya masikitiko, kisha akasema kwa sauti ya kusikika, "Mgeni amekitazama kikiwa motoni. Mlitaka kifanye nini?"

Baadhi ya wanawake wa kijiji kile waliamini kwamba chungu kilicho motoni hakipendi macho ya kigeni. Neno lilitoka hapo likatembea. Tangu siku hiyo, wanawake wakipepeta nafaka au wakipika togwa, Ghati aliambiwa azunguke njia nyingine. Kisimani aliachwa achote wa mwisho. Apolonia aliyaona yote hayo, wala hakusema kitu.

Tena tangu siku hiyo hakugusa udongo. Kwanza alisema udongo bado ni mbichi. Ulipokauka, akasema kuna mtihani. Mtihani ulipopita, akasema mgongo unamuuma, na mgongo huohuo ukaenda kubeba kuni za jirani. Mama alikula kwenye kigae cha chungu kilichopasuka, akacheka kwa uchungu. "Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Sikujua hata mama wa mfinyanzi yumo."

Jumamosi iliyofuata, watoto walikusanyika katika kanisa dogo la udongo kujiandaa kwa maungamo, kwa kuwa Padre angefika siku ya pili kwa pikipiki yake. Katekista Onesmo, mtu mrefu aliyependa utani, aliwaambia wanyamaze na kila mmoja ajitafute moyoni. Hata hajakaa vizuri, Apolonia akanyoosha mkono.

"Mimi tayari, Katekista."

"Tayari? Hata kuku hadonoi upesi hivyo." Watoto wakacheka. Katekista naye akatabasamu, kisha akawageukia wote. "Hebu niambieni. Ng'ombe akipotea mnamtafutaje?"

"Tunafuata nyayo," wakajibu.

"Mnafuata mbio au polepole?"

"Polepole. Ukikimbia nyayo zinakupotea."

"Basi na moyo ni hivyohivyo. Shika siku zako tangu asubuhi, ujifuate mwenyewe hatua kwa hatua. Kuna mahali utajikuta unataka kupita haraka. Hapo ndipo pa kusimama. Ng'ombe wako yuko hapo."

Apolonia aliinamisha kichwa pamoja na wenzake, lakini hakujifuata popote. Alihesabu nyufa za sakafu mpaka kipindi kikaisha.

Jioni alichukua mtungi kwenda kisimani. Kulikuwa na njia mbili. Ile fupi ilipita kando ya korongo walikochimba udongo wa kufinyangia, na ile ndefu ilizunguka nyuma ya zizi la Mzee Nkwabi. Miguu yake ikashika ile ndefu. Alikuwa amekwenda kitambo ndipo akashtuka. Mbona kila siku napita huku? Mtungi kichwani, jua linakaribia kuzama, na njia fupi ipo. Kwa nini nazunguka?

Alitua mtungi, akakaa juu ya jiwe. Maneno ya Katekista yakamjia, na safari hii hakuyakimbia. Alianza kuzifuata siku zile za chungu cha kwanza tangu mwanzo. Alijiona akichimba udongo, akiuanika, akiutwanga, akichambua vijiwe kimoja kimoja. Yote hayo aliyakumbuka bila shida. Kisha akajiona akikanda udongo kwa maji.

Hapo akasimama. Kati ya kuchambua vijiwe na kukanda, aliona ameruka kitu. Akarudi nyuma. Akajikuta anataka kupita haraka, akajua amefika.

Vigae. Bibi alimfundisha kwamba udongo haukandwi peke yake. Lazima utwange vigae vya vyungu vya zamani mpaka viwe unga, uchekeche, uchanganye. "Kigae kimekwisha kuuona moto," Bibi alikuwa akisema, "ndicho kinachoufundisha udongo mbichi usiogope." Kutwanga vigae ni kazi ya kuchosha, hula mchana mzima. Na mchana ule kulikuwa na mashindano ya ngoma sokoni. Apolonia alisikia ngoma zikilia, akazoa mchanga wa njiani, akautupia kwenye udongo ili mkono uhisi ukavu, akakanda upesi, akakimbilia sokoni.

Chungu kilipopasuka, alijua kosa ni lake kabla Mama Bujiku hajafungua mdomo. Na Mama Bujiku alipomtaja Ghati, Apolonia alihisi unafuu. Unafuu huo ndio uliomuumiza sasa kuliko kitu kingine chochote. Alilia pale juu ya jiwe, akalia kweli.

Alipokwisha kulia, akaona jambo jingine. Akifinyanga chungu kipya kwa vigae, watu wangemwona akivitwanga mchana mzima, wakauliza mbona kwa cha kwanza hawakumwona. Akifinyanga bila vigae, kingepasuka tena. Kwa hiyo alichagua kutofinyanga kabisa. Zile kazi zote za majirani zilikuwa maficho yake. Ajabu ni kwamba baada ya kujiambia hivyo, hakujisikia mnyonge. Alijisikia kama mtu aliyetolewa mwiba: panauma, lakini anaweza kukanyaga.

Aliuacha mtungi mtupu hapohapo, akaenda moja kwa moja kwa kina Ghati.

Aliwakuta Ghati na mama yake wakimenya mihogo. Mtu wa kijiji hakuwa ameingia uwanja ule kwa muda mrefu.

"Shikamoo, Mama Ghati."

"Marahaba. Karibu."

"Sitakaa, Mama. Nimekuja kusema kwamba chungu kilipasuka kwa sababu sikutwanga vigae. Nilitia mchanga wa njiani nikaenda ngomani. Ghati hakufanya lolote."

Ghati aliacha kumenya. "Ulijua lini?"

"Siku ileile."

"Nikiachwa nichote maji wa mwisho, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Nisamehe, Ghati."

Ghati akarudi kumenya mihogo. Mama yake ndiye aliyesema, taratibu, "Umefanya vizuri kuja. Lakini sisi tulikuwa tunajua kwamba mwanangu hana macho ya kupasua chungu. Wasiojua wako kisimani."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya Misa, Apolonia alikwenda kisimani wakati wanawake wamejaa. Alisimama katikati yao. Akasema yote, mchanga, ngoma na unafuu wake. Mama yake alikuwepo, akamtazama macho yamemtoka.

Mama Bujiku aliinua ndoo yake, akatikisa kichwa. "Mtoto ana moyo mzuri, anamtetea rafiki yake. Mtu huyu anayefanya kazi hivi kila siku, ndiye wa kukwepa kutwanga vigae? Tutakiona hicho chungu cha pili."

Ndivyo Apolonia alivyotambua kwamba sifa zake mwenyewe zilikuwa zimemziba. Kwa maneno asingeaminika. Ilibaki kazi ya mikono. Mchana alirudi kwa Ghati.

"Naanza chungu leo," alisema. "Siku ya kukichoma nataka uje usimame mbele, kila mtu akuone unakitazama."

"Na kikipasuka?"

"Kitakuwa kimepasuka kwa mikono yangu, nami nitasema hivyo."

"Leo asubuhi umesema kisimani, hawakukuamini," Ghati akamkumbusha.

"Basi nitasema tena," Apolonia akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu chungu kipasuke wote wawili wakatabasamu. Ghati akasimama, akajipangusa mikono.

"Nitakuja. Lakini vigae nitatwanga mimi. Wewe kwa vigae nimekwisha kukufahamu."

Akatwanga kweli. Alikusanya vile vigae vya chungu kilichompa jina baya, akaviponda kinuni mpaka vikawa unga mwekundu, akachekecha, akatwanga tena makapi. Apolonia alikanda, akajenga kitako, akapandisha kuta kwa vipande vya udongo, akalainisha ndani kwa kipande cha kibuyu. Kuna wakati mikono ilisita. Woga ule wa zamani ulimjia, akatamani kuinuka kwa kisingizio kwamba kuku hawajapewa maji. Badala ya kuinuka alijiuliza, sasa naogopa nini? Akajijibu, naogopa shingo itaanguka. Basi akaiacha shingo ikauke kidogo, kisha akaendelea. Woga wenye jina haukumsumbua sana.

Chungu kiliwekwa kivulini kikauke. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa ziwa, na Mzee Nkwabi akatuma habari kwamba zamu ya Mama imekaribia. Usiku Apolonia alikuwa akikipapasa chungu, akikiona bado kina ubaridi wa maji. Hapo alitamani kukichoma hivyohivyo. Mama alikuwa na wasiwasi pia, lakini alimwachia yeye.

"Wewe ndiye fundi," alimwambia. "Tuchome au tungoje?"

Apolonia alitulia akajisikiliza. Haraka hii ilifanana sana na ile ya siku ya ngoma. "Tungoje," akasema.

Siku ya kuchoma ilipofika, wanawake wengi walikuja, na Mama Bujiku alisimama na mikono yake kifuani. Ghati alikuja na mama yake. Alivuka katikati ya watu wote, akasimama mbele kabisa, macho yake kwenye chungu. Apolonia alipanga kuni, samadi kavu na majani juu ya chungu, akawasha. Moto ukapanda.

Kisha ukasikika mlio mkali ndani ya moto. Pa. Wanawake wakaguna. Mama Ghati akamshika mwanawe bega. Apolonia hakusogea, akamwambia Ghati, "Usiondoke. Endelea kutazama."

Ghati aliendelea kutazama mpaka moto ukashuka na majivu yakapoa. Apolonia akayaondoa kwa kijiti. Kipande cha gogo la mkwaju kilikuwa kimechanika katikati, ndicho kilicholia. Chungu kilikuwa kizima, chekundu, chenye doa jeusi ubavuni. Apolonia alikigonga kwa kifundo cha kidole, kikaitika kwa sauti safi. Mdomo wake tu ulikuwa umeinama kidogo upande mmoja.

"Kimeinama kama mtu anayesikiliza habari za jirani," Mama alisema, na wanawake wakacheka. Mama Bujiku hakucheka sana.

Kundi la Mzee Nkwabi lilifika alfajiri na ngoma yao. "Mwangaluka, mayu," vijana wakamsalimu Mama kwa Kisukuma, naye akawaitikia mmoja mmoja. Wakajipanga mstari, majembe yakapanda na kushuka pamoja, na udongo mweusi ukaanza kugeuka. Majirani walikuja kusaidia, Mama Bujiku na Mama Ghati wakiwa humohumo. Jua lilipokuwa utosini, chungu kikaletwa kimejaa togwa. Mzee Nkwabi alikizunguka, akakikagua kama ng'ombe wa mahari.

"Nani amekifinyanga?"

"Mimi, Babu," alisema Apolonia. "Vigae vimetwangwa na Ghati. Bila hivyo kisingestahimili moto."

Mzee Nkwabi habari zote za kijiji alizijua, ingawa alijifanya hazijui. Alichota kata ya kwanza, ambayo kwa kawaida yake aliinywa mwenyewe, akampa Ghati mbele ya mstari wote. Ghati alikunywa nusu. Kisha akamnyooshea kata mtu aliyekuwa karibu naye, na mtu huyo alikuwa Mama Bujiku.

Mama Bujiku aliitazama kata. Halafu akapiga goti kidogo, akaipokea kwa mikono miwili, akainywa mpaka mwisho.

"Wabeja, mwanangu," akamwambia Ghati. "Asante. Nilikukosea mbele za watu, na mbele za watu naomba radhi."

Kufika jioni shamba lote lilikuwa limelimwa. Mvua ilinyesha muda mfupi baadaye, na asubuhi yake Mama na Apolonia walikwenda kupanda. Walisimama mwanzo wa shamba, Mama akiwa na kibuyu cha mbegu.

"Mwanangu," alisema, "nilidhani umekuwa mvivu, nikawa nakutania. Nilikosea. Mvivu hukimbia kazi zote. Wewe ulikimbia moja tu, ukajificha nyuma ya nyingine zote, na watu wakakupigia makofi. Siku nyingine ukijiona umekwama, usijitukane, wala usiende kutafuta kazi za jirani. Kaa chini ujiulize unaogopa nini. Jibu likija usiligeuzie mgongo, hata likiwa chungu. Mtu akishajua kinachomzuia, miguu humfunguka."

Apolonia akauliza, "Na kama kinachonizuia ni kosa langu mwenyewe, Mama?"

"Basi una bahati. Kosa la mtu mwingine ungekaa ukimngoja alirekebishe. La kwako unaweza kuamka nalo asubuhi ukaanza."

Apolonia alipokea mbegu kwa viganja viwili, akaingia kwenye tuta la kwanza.